Mdomo, karatasi, daftari au mama: njia nne za kujieleza kwa daktari ukiwa na selimundu tangu utotoni

Mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, anafika dharura usiku, anapimwa damu, na jibu linarudi: Hb (kiwango cha damu) 7. Kama kawaida yake ni 9, hiyo ni hatari, na sababu inatakiwa kutafutwa usiku huohuo. Kama kawaida yake ni 7, hakuna kilichoshuka, na chupa ya damu atakayotundikiwa hana haja nayo. Damu isiyo ya lazima ina gharama yake. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na kila kingamwili mpya huifanya damu inayomfaa kuwa ngumu zaidi kupatikana siku atakapoihitaji kweli.

Karatasi ya maabara haisemi kama huyu ni wa 7 au wa 9. Daktari wa watoto aliyemlea tangu vidole vilipovimba mara ya kwanza alilijua hilo bila kufungua faili. Daktari wa zamu wa leo halijui. Faili la hospitali moja mara nyingi halionekani hospitali nyingine, na watoto wa selimundu wanaofika utu uzima sasa ni wengi, kwa hiyo kila mwaka kuna vijana wanaoingia kwa mara ya kwanza chumba cha daktari asiyewajua kabisa.

Swali ni nani, au nini, kitabeba habari zako hadi kwa huyo mgeni. Njia ni nne: kujieleza kwa mdomo, karatasi moja ya muhtasari, daftari la kumbukumbu, na ndugu anayesema kwa niaba yako. Hapa tunazilinganisha kwa selimundu, ingawa mwenye kisukari cha utotoni au tundu la moyo ataona mengi yanamhusu.

Tunazipima kwa nini

Vigezo ni vitano. Kwanza ni kasi: chumba cha daktari kina dakika chache, na foleni iko mlangoni. Pili ni usahihi wa tarehe, dozi na namba. Tatu, na kwetu hiki ndicho kizito kuliko vyote, ni kama njia hiyo inafanya kazi saa ambayo maumivu yamekuziba mdomo. Nne ni siri, yaani nani anasikia au kusoma yasiyomhusu. Tano ni kazi ya kuitunza, kwa sababu njia nzuri iliyoachwa miezi sita inageuka kuwa habari za uongo.

1. Kujieleza kwa mdomo

*Inavyofanywa.* Andaa sentensi chache na uzizoee ukiwa mzima. Mpangilio ni huu: ugonjwa, kawaida yako, kilichotokea leo, ulichokwisha kunywa, na kisichokuwepo. Kwa mfano:

"Habari za kazi, daktari. Nina selimundu tangu utotoni, aina ya SS. Damu yangu kwa kawaida ni 7 na nusu. Maumivu yameanza jana saa mbili usiku, nyonga ya kushoto na mgongo wa chini, sasa ni 8 kati ya 10. Nimekunywa paracetamol gramu moja leo saa kumi na moja alfajiri, haikusaidia. Sina homa, sikohoi, kifua hakiumi."

Hayo husemwa kwa nusu dakika, na yanajibu karibu kila swali la mwanzo. Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Homa, kikohozi na maumivu ya kifua ndivyo daktari anavyovitafuta kwanza, kwa sababu mapafu ya mwenye selimundu yanaweza kuharibika kwa saa chache.

*Nguvu yake.* Haina gharama, haisahauliki nyumbani, na daktari anaweza kuuliza akajibiwa papo hapo. Siri iko mikononi mwako, maana unasema unachotaka kusema. Hakuna njia nyingine inayoweza kueleza kama maumivu haya ni yale uliyoyazoea au ni mageni. Tofauti hiyo unaijua wewe peke yako, kwa hiyo itamke wazi: "Haya siyo maumivu yangu ya siku zote."

*Inapokwama.* Lugha yetu ina maneno ambayo nyumbani hayana shida, lakini hospitali yanapotosha. "Mguu" ni kuanzia nyonga hadi vidole. "Mguu unauma" haumsaidii daktari anayetaka kujua kama kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kufa. Taja nyonga, paja, goti, muundi au kifundo, kisha weka kidole mahali penyewe. "Nina kifua" kwa watu wengi ni kikohozi, na huandikwa hivyo. Kama unachohisi ni maumivu ukivuta pumzi, sema "kifua kinauma nikivuta pumzi." "Nina homa" wengine wanamaanisha uchovu tu, au malaria. Kipimajoto kikisoma 38.5, taja namba, kwa sababu kwa mwenye selimundu hiyo ni dharura hata kama anatembea na kuongea vizuri. "Tumbo" nalo lionyeshe kwa kidole: chini ya mbavu za kushoto kuna bandama, na kwa mtoto bandama inaweza kuvimba na kumeza damu nyingi kwa muda mfupi.

Kisha kuna saa. Unasema "saa nne," daktari anaandika 4:00 au 10:00? Dozi ya paracetamol kwa mtu mzima wa zaidi ya kilo 50 ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na kosa la saa sita hapo ni dozi nzima. Ongeza neno moja kila mara: saa nne asubuhi, saa nne usiku. Panadol ukiitaja, sema pia vidonge vingapi, na kama ulikunywa dawa nyingine ya mafua, kwa sababu nyingi zina paracetamol ndani.

Kizuizi kikubwa zaidi ni sura yako mwenyewe. Aliyeishi na maumivu tangu akiwa na miezi michache amejifunza kukaa kimya, kushika simu, hata kutabasamu, huku yakiwa 8. Daktari anaona uso uliotulia na anasikia namba kubwa, kisha anaamini uso. Lisemee hilo kabla hajaamua: "Sura yangu haionyeshi, nimezoea tangu mdogo. Ni 8 kweli." Na maumivu yakifika 10, au ukisinzia kwa dawa, au kiharusi kikikamata ulimi, mdomo umefungwa. Kwa kigezo cha tatu, njia hii inaanguka.

*Inamfaa nani.* Anayekwenda kliniki yake ya kawaida akiwa mzima, na anayejiamini kusema. Haimtoshi mtu anayeishi peke yake mbali na hospitali yake.

2. Karatasi moja ya muhtasari

*Inavyofanywa.* Ukurasa mmoja tu. Ikiwa miwili, wa pili hausomwi. Majina ya dawa yawe ya dawa yenyewe, siyo ya kampuni, na namba ziwe na tarehe zake. Huu hapa mfano wa kubuni:

SELIMUNDU, HbSS. Iligunduliwa 2004.
Uzito: kilo 52 (Januari 2025).
KAWAIDA YANGU NIKIWA MZIMA: Hb 7.2–7.6. Oksijeni 95–96 bila mashine. Macho ya njano kidogo siku zote.
Kundi la damu: O+. Nimeongezewa damu mara 4, mara ya mwisho Machi 2023. BAADA YA MARA YA MWISHO, siku ya 7: homa, mkojo mweusi, Hb ikashuka.
Dawa za kila siku: haidroksiyurea mg 1,000 usiku, asidi ya foliki mg 5 asubuhi.
Mzio: hakuna unaojulikana.
Yaliyonipata: 2013, mapafu, nililazwa siku 9. 2021, nyonga ya kushoto imeanza kuharibika.
Maumivu makali: dawa na dozi kama alivyoandika daktari wa kliniki hapa chini, na sahihi na muhuri.
Apigiwe: (watu wawili, namba mbili).
Imesahihishwa: (tarehe).

Tazama mstari wa damu. Mkojo mweusi siku ya 7 unaonyesha kwamba mwili uliikataa damu ile polepole, na kingamwili za aina hiyo zinaweza kufifia hadi maabara isizione tena baada ya miezi. Maabara ikikosa kuziona, ni karatasi hii pekee inayoweza kuwaonya kutafuta damu inayolingana kwa undani zaidi. Mstari mmoja kama huo unatosha kuhalalisha kazi yote ya kuiandika.

Mstari wa maumivu nao usiuandike mwenyewe. Kijana akiingia dharura na kutaja mofini kwa jina na dozi, wapo watakaomshuku kuwa ameizoea. Yakiwa maandishi ya daktari wake yenye muhuri, mjadala unahama kutoka kwake kwenda kwenye matibabu. Miongozo ya Uingereza inataka dawa ya kwanza ya maumivu ya selimundu itolewe ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa afike. Mabishano mapokezini hula dakika hizo zote.

*Nguvu yake.* Inasomwa kwa dakika moja, na inasema hata wewe ukiwa umepoteza fahamu. Kwa usahihi haina mpinzani. Gharama ni kuchapa na kufunika kwa plastiki ngumu steshenari. Toa nakala tatu: pochini, nyumbani, na kwa unayeishi naye. Piga pia picha iwe kwenye simu, ila usiitegemee picha peke yake, maana betri huisha na simu hufungwa kwa namba ya siri.

*Inapokwama.* Inazeeka kimyakimya. Uzito wa kilo 38 ulioandikwa ukiwa sekondari unaweza kumfanya mtu akupe dozi ndogo. Dawa iliyoachwa mwaka juzi bado inasomeka kama unaitumia. Irekebishe kila baada ya kliniki, au kila dawa inapobadilika, na karatasi ya zamani ichanwe, zisikutwe mbili zinazopingana. Kosa lingine ni kuiweka ndani ya plastiki isiyofunguka kabla ya kuhakikisha daktari wa kliniki ameipitia.

Kuhusu siri, kumbuka kwamba karatasi ikidondoka kwenye daladala, aliyeiokota anajua ugonjwa wako. Anayehofia hilo aache jina kamili, aweke herufi za mwanzo na namba ya faili. Na karatasi haielezi leo. Inasema wewe ni nani, haisemi nyonga imeanza kuuma saa ngapi.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mwenye selimundu anayeondoka kwao, hasa aliyewahi kudhurika kwa kuongezewa damu, kupata kiharusi au kuharibika mapafu.

3. Daftari la kumbukumbu

*Inavyofanywa.* Hili ni tofauti na lile daftari unalonunua getini ili daktari aandike humo. Hili ni lako. Kila siku ni mstari mmoja: tarehe, umekunywa dawa au hukunywa, maumivu kati ya 0 na 10, mahali, ulichokunywa, na kilichotangulia (baridi, kunyeshewa, safari ndefu, kukosa maji, hedhi). Kabla ya kliniki, jumlisha kwenye ukurasa mmoja: siku ngapi za maumivu, mara ngapi umelazwa, siku ngapi umekosa shule au kazi, dozi ngapi umeruka. Mpe daktari ukurasa huo. Kurasa 90 hawezi kuzisoma.

*Nguvu yake.* Ndiyo njia pekee inayoonyesha mwenendo, na mwenendo husaidia kuamua dozi ya haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya kupunguza mashambulizi ya selimundu. Utafiti uliofanyika kwa watoto Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba wanaoitumia walipungukiwa na maumivu, maambukizi, malaria na vifo. Lakini dawa hii huchukua miezi kuonyesha kazi yake, dozi hupandishwa hatua kwa hatua huku picha kamili ya damu ikipimwa, na hapo ukweli kuhusu dozi ulizoruka una uzito mkubwa.

Daktari huuliza, "Dawa unakunywa?" na wengi hujibu "Ndiyo" kwa heshima tu. Kama uliruka siku saba na hukusema, daktari anaona dawa haijafanya kazi, anaongeza. Ukianza kuinywa yote, chembe nyeupe zinaweza kushuka kuliko inavyotakiwa. Hesabu ya kapsuli haioni aibu. Ulipewa 60, mbili kwa siku, leo ni siku ya 30, zimebaki 14, basi umekosa siku saba. Beba chupa yenyewe, iweke mezani, useme kwa nini: zilikutia kichefuchefu, fedha ya nauli ilikosekana, au uliogopa maneno ya watu. Kila sababu ina jibu lake tofauti.

*Inapokwama.* Watu huandika siku mbaya tu. Mwezi wenye mistari minne ya maumivu na hakuna mingine haumwambii daktari kama siku 26 zilizobaki zilikuwa nzuri au hukuandika. Siku njema weka 0, inatosha. Wengi huacha baada ya wiki tatu. Kwa hao, wiki nne kabla ya kila kliniki ni bora kuliko daftari la mwaka lililokufa Februari. Bwenini wenzako watalisoma, basi tumia noti za simu au alama unazozijua wewe. Dharura halisaidii sana, kwa kuwa hakuna mwenye muda wa kulifungua.

*Inamfaa nani.* Anayeanzishiwa au kubadilishiwa dawa, na anayehisi maumivu yameongezeka lakini hana cha kuonyesha.

4. Mama, au ndugu mwingine

*Inavyofanywa.* Ndugu mmoja, siyo watatu, anaingia nawe na kueleza unayoyasahau. Mara nyingi ni mama, na kwa haki yake: yeye ndiye aliyehesabu vipindi vya homa, aliyefundishwa kupapasa bandama kila jioni, aliyekesha wodini.

*Nguvu yake.* Anajua miaka ambayo wewe huikumbuki: ulipoongezewa damu mara ya kwanza, dawa iliyokutoa vipele ukiwa na miaka miwili. Ukiwa huwezi kusema, anasema, na hata akiambiwa asubiri haondoki kitandani. Anaona pia mabadiliko usiyoyaona wewe, kama kuanza kuburuta mguu au kuchelewa kupata maneno, na kwa selimundu dalili hizo huweza kuwa kiharusi.

*Inapokwama.* Ni kwenye siri, na hapa tunapenda kusisitiza. Kijana wa kiume ambaye uume wake unasimama wenyewe, unauma, bila hamu yoyote, hatalisema hilo mbele ya mama yake. Ni tatizo la selimundu linalojulikana. Likidumu kwa zaidi ya muda wa saa 4 ni dharura, na likirudiwarudiwa bila tiba linaweza kuondoa nguvu za kiume moja kwa moja. Binti anayekunywa haidroksiyurea anatakiwa kuulizwa kuhusu mpenzi na uzazi wa mpango, kwa kuwa dawa hiyo haitumiwi ovyo kwenye ujauzito. Mama akiwa ndani, swali halijibiwi kwa kweli, au haliulizwi kabisa.

La pili ni mazoea. Daktari anamgeukia mama, mama anajibu, na mgonjwa wa miaka 22 anakaa kama mtoto. Siku mama akiwa msibani mkoani, hakuna anayejua dozi.

Kumtoa mama nje ni jambo zito kwetu, na hatupendekezi kijana alifanye kwa ukali. Muombe nyumbani kabla ya safari: "Mama, leo naomba nianze kueleza mimi, nikisahau unikumbushe." Kwa sehemu ya faragha, mwombe muuguzi mapema, ili daktari ndiye aseme, "Mama, naomba utupishe dakika tano, ni utaratibu wetu kwa vijana wote." Hapo hakuna aliyevunjiwa heshima. Dakika hizo zianze mtoto akiwa na miaka 12 au 13, zikiongezeka taratibu, hata akifika 16 awe yeye anayetangulia kusema.

*Inamfaa nani.* Mtoto, mgonjwa aliyewahi kupata kiharusi na kumbukumbu zake zimeathirika, na yeyote anayelazwa.

Kwa hali yako

*Bado uko kliniki ya watoto, miaka 13 hadi 17.* Mama abaki, wewe ujifunze zile sentensi za nusu dakika. Karatasi iandikeni pamoja, yeye akitoa historia, wewe ukiandika. Ukiandika mwenyewe utaikumbuka.

*Unakaribia kuhamia kliniki ya watu wazima.* Karatasi kwanza, na usingoje siku ya mwisho. Miezi kadhaa kabla, omba kliniki ya watoto barua ya muhtasari, jibu la kipimo kilichothibitisha HbSS, picha za damu za karibuni, na kumbukumbu za kuongezewa damu. Nenda na mzazi mara ya kwanza tu.

*Uko chuoni, mbali na nyumbani.* Karatasi pochini, na mwenzako wa chumba afundishwe mambo matatu: jina la ugonjwa, karatasi ilipo, na nani apigiwe. Mengine si lazima ayajue.

*Maumivu yanakujia kila mwezi na dawa inabadilishwa.* Daftari kwa wiki nne, pamoja na chupa ya kapsuli mezani. Mdomo utatosha kueleza yaliyobaki.

*Unapanga kupata mtoto.* Ingia peke yako, au na mwenzi wako, kabla ya mimba. Haidroksiyurea kwa kawaida huachwa mapema kwa mpango wa daktari, na hilo linamhusu mwanamume anayeinywa pia. Usiiache mwenyewe kimyakimya.

*Husomi vizuri, au macho yamechoka.* Ndugu mmoja wa kudumu, na karatasi aliyoandika muuguzi. Wewe kariri namba moja tu, ile ya damu yako ukiwa mzima.

*Unahamia Muscat, London au kwingineko.* Karatasi iwe na nakala ya Kiingereza iliyotiwa sahihi, na barua ya daktari inayotaja kila dawa kali ya maumivu unayosafiri nayo. Oman ina wagonjwa wengi wa selimundu na madaktari wanaoijua vizuri. Wasichokijua ni kawaida yako, kwa hiyo mstari huo uwe juu kabisa ya ukurasa.